Pakiti Zinazotupwa Kwenye Seva ya Linux: Sababu, Misimamo na Mizani Yake

Miongoni mwa masuala yanayowagawa wasimamizi wa seva za Linux, ni machache yanayozua majibu yanayokinzana kama suala la pakiti zinazotupwa. Pakiti ni kipande cha data kinachosafiri mtandaoni kikiwa na anwani ya kinakotoka na ya kinakokwenda, nayo husemwa kuwa imetupwa pale kifaa au programu iliyoipokea inapoamua kutoiendeleza mbele. Msimamizi anayeendesha amri ya ip -s link na kuiona tarakimu iliyo chini ya neno dropped ikipanda hupewa ushauri wa kila namna: mmoja humtaka aongeze ukubwa wa bafa, mwingine humtaka agawe kazi kwenye viini vyote vya kichakataji, wa tatu humwambia apuuze kwa kuwa mtandao umeundwa kuvumilia upotevu, na wa nne humtuma akabadilishe kebo. Kila mmoja wao amewahi kuwa sahihi mahali fulani, na mkanganyiko unazaliwa hapo hapo, kwa sababu mpangilio uliofaa kwenye seva moja hunakiliwa kwenye seva nyingine ambayo shida yake ni tofauti kabisa.

Gharama ya mkanganyiko huu haiishii kwa msimamizi. Muuguzi anayesubiri faili la mgonjwa lifunguke, mfanyabiashara ambaye malipo yake yamekwama katikati na mwanafunzi ambaye mtihani wake wa mtandaoni umekatika hawana namna ya kujua kwamba chanzo ni foleni moja iliyojaa ndani ya mashine wasiyoiona. Kwao mfumo ni mbovu, basi. Kwa hiyo inafaa misimamo hii ichambuliwe kwa makini, kila mmoja kwa nguvu na udhaifu wake. Hoja itakayojengwa hapa ni kwamba kila pakiti iliyotupwa imetupwa mahali mahususi kwa sababu mahususi, na kwamba tiba yoyote inayotolewa kabla mahali hapo hapajajulikana ni ya kubahatisha, hata ikitokea ikasaidia.

Njia ya pakiti ndani ya seva

Mawimbi yanapofika kwenye kadi ya mtandao, kadi huyageuza kuwa fremu, kisha hukagua tarakimu ya uthibitisho iliyo mwishoni mwa kila fremu. Fremu isiyolingana na tarakimu yake huharibiwa hapo hapo, kabla kerneli, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, haijapata habari zake. Fremu iliyo sahihi huandikwa na kadi yenyewe moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya seva, katika bafa ya duara, ambayo ni safu ya nafasi zinazotumika kwa zamu: kadi hujaza upande mmoja, kerneli humwaga upande mwingine, na nafasi zilizomwagwa hurudi kutumika tena. Kadi ikizikuta nafasi zote zimejaa, haina la kufanya ila kuitupa fremu iliyofika.

Baada ya kuandika, kadi hukikatiza kichakataji ili kukijulisha kwamba kuna mzigo, nacho huahirisha kazi nzito hadi hatua inayofuata, iitwayo ukatizaji laini, ambamo kerneli huzoa pakiti kwa mafungu. Utaratibu huu wa kuzoa kwa mafungu, unaojulikana kama NAPI, ulitokana na tatizo lililoelezwa vizuri mwaka 1996 na Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan, waliobainisha kwamba seva inayokatizwa kwa kila pakiti inaweza kufikia kiwango cha mzigo ambapo muda wake wote unakwenda kwenye kuitikia ukatizaji na haumaliziki ushughulikiaji wa pakiti hata moja. Linux iliupokea utaratibu huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo mzigo unapokuwa mkubwa kerneli huzima ukatizaji kwa muda na kuchota pakiti yenyewe.

Kutoka hapo pakiti hupita kwenye sehemu ambapo zana za kunasa kama tcpdump huiona, ndipo iingie kwenye netfilter, yaani mfumo wa kerneli unaochuja trafiki na kukumbuka miunganisho iliyo hai, ikaguliwe njia yake, ikabidhiwe itifaki yake, na hatimaye iwekwe kwenye bafa ya soketi, ambayo ni mahali programu husika huja kuchukua data yake. Kila hatua katika hizi ina foleni au kanuni, na kila foleni au kanuni inaweza kutupa. Jambo moja la vitendo linatokana na mpangilio huu, nalo husahaulika mara nyingi: pakiti inayoingia ikionekana ndani ya tcpdump, hiyo si dalili kwamba programu imeipata, kwa sababu uchujaji wote wa netfilter na bafa ya soketi bado viko mbele yake.

Muda uliopo kwa kazi hii ni mfupi kuliko inavyodhaniwa. Kwenye kiungo cha gigabiti 10 kwa sekunde, fremu ndogo kabisa za baiti 64 zinaweza kufika kwa kasi ya milioni 14.88 kwa sekunde, yaani moja kila nanosekunde 67. Bafa ya duara yenye nafasi 512 hujaa kwa kasi hiyo ndani ya mikrosekunde 34 ikiwa kichakataji kimeshughulika kwingine. Fremu zikiwa kubwa, za ukubwa wa kawaida wa Ethernet, zitafika takriban 812,000 kwa sekunde, na bafa hiyo hiyo itachukua mikrosekunde kama 630 kujaa. Ndiyo maana seva ambayo wastani wake wa matumizi ni asilimia 5 tu bado inaweza kutupa pakiti: wastani wa dakika moja hauonyeshi kilichotokea ndani ya milisekunde moja.

Kihesabu kimoja chenye maana nyingi

Sehemu kubwa ya hofu inayowapata wasimamizi inatokana na kihesabu cha rx_dropped, nacho kinastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko vingine vyote. Kabla ya kerneli 2.6.37, kupanda kwake kulimaanisha, kwa kiasi kikubwa, kwamba mfumo umeshindwa kuhimili mzigo. Kuanzia toleo hilo maana yake ilipanuliwa, ikajumuisha pia pakiti zilizopokewa salama lakini ambazo hapakuwa na mtu wa kuzipokea ndani ya kerneli: fremu za itifaki zisizosajiliwa, fremu zenye lebo ya mtandao pepe ambao seva haikupangiwa, na fremu za IPv6 kwenye seva isiyotumia IPv6.

Matokeo yake yanaonekana kwa urahisi kwenye ofisi yoyote yenye swichi inayosimamiwa. Swichi zinazotumia itifaki ya STP, inayozuia njia za mtandao kujizungusha, kwa kawaida hutuma tangazo lake kila sekunde 2. Seva ambayo kadi yake inayapitisha matangazo hayo lakini kerneli yake haina wa kuyashughulikia itayahesabu yote kuwa yametupwa, na kwa siku moja kihesabu kitapanda kwa 43,200 bila pakiti hata moja ya mtumiaji kupotea. Msimamizi aliyehamia kwenye mfumo mpya na kukuta tarakimu hiyo, huku ule wa zamani ukionyesha sifuri, ana kila sababu ya kuamini kwamba uhamishaji umeharibu kitu, ingawa kilichobadilika ni hesabu na wala si mtandao.

Kuna namna rahisi ya kutenganisha hali hizi mbili. Tcpdump inapoendeshwa bila kichujio, hujisajili kwenye kerneli kama mpokeaji wa kila aina ya fremu, kwa hiyo fremu ambazo hazikuwa na mpokeaji sasa zinaye. Ikiwa kihesabu kinaacha kupanda wakati tcpdump iko hewani na kuanza tena inapozimwa, basi kilichokuwa kikihesabiwa ni fremu zisizo na mwenyewe. Kasi ya upandaji nayo ni ushahidi: tarakimu inayoongezeka kwa mwendo sawasawa usiku na mchana, bila kujali mzigo wa kazi, inaelekeza kwenye matangazo ya vifaa, ilhali inayoruka kwa mafungu wakati wa pilikapilika inaelekeza kwenye foleni inayojaa.

Msimamo wa kwanza: kuongeza bafa

Wanaotetea upanuzi wa bafa husema kwamba trafiki ya mtandao huja kwa mafungu, kwamba fungu likiisha kichakataji hupata nafasi ya kupumua, na kwamba kinachohitajika ni mahali pa kulihifadhi fungu hilo kwa muda mfupi. Hoja hii ina uzito. Kadi nyingi huanza na nafasi 256 au 512 huku zikikubali hadi 4,096, na amri ya ethtool -g huonyesha tarakimu zote mbili. Ikiwa takwimu za kadi zinazotolewa na ethtool -S zinaonyesha rx_missed_errors au jina jingine la namna hiyo, kwa kuwa kila draiva, yaani programu inayoiongoza kadi, ina majina yake, na ikiwa kichakataji kwa jumla hakijalemewa, basi kupandisha bafa kutoka 512 hadi 4,096 huipa kerneli muda mara nane zaidi wa kuitikia, na mara nyingi hilo hutosha.

Udhaifu wa msimamo huu unajitokeza pale mzigo unapokuwa mkubwa kuliko uwezo wa kuumaliza kwa muda mrefu na wala si kwa fungu moja. Kupanua ghala la bandari hakuongezi malori ya kuondoa shehena. Ghala kubwa litajaa pia, ila litajaa baadaye, na kila mzigo ulio ndani utakuwa umesubiri zaidi. Aidha, bafa kubwa ina gharama yake ya kumbukumbu: nafasi 4,096 zenye kilobaiti 2 kila moja, kwenye kadi yenye foleni 16, ni megabaiti 128, kiasi kinachozidi kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya vichakataji vingi, hivyo pakiti zinazoandikwa huanza kusomwa kutoka kwenye kumbukumbu ya kawaida iliyo polepole. Vilevile draiva nyingi huizima na kuiwasha upya kadi pale ukubwa wa bafa unapobadilishwa, kwa hiyo amri inayotolewa saa za kazi ili kuokoa pakiti chache inaweza kukata kiungo kizima kwa sekunde kadhaa.

Lipo pia kosa la kuongeza bafa isiyo yenyewe. Mipangilio inayosambazwa sana hupandisha net.core.netdev_max_backlog, ambayo kwa kawaida ni 1,000, kana kwamba kila pakiti hupita hapo. Kwa kadi zinazotumia NAPI, foleni hiyo huingia kazini hasa pale pakiti zinapogawiwa viini vingine kwa programu au zinapopita kwenye violesura pepe. Pasipo hayo, tarakimu inaweza kuongezwa kwa kiasi chochote na hali isibadilike hata kidogo. Kibaya zaidi, mpangilio usiodhuru leo hubaki kwenye faili la usanidi kwa miaka, na atakayerithi seva hiyo atauona kuwa una sababu.

Msimamo wa pili: kugawa kazi

Kundi la pili hushikilia kwamba tatizo ni kichakataji, na hasa kiini kimoja cha kichakataji. Kadi za kisasa zina foleni nyingi za kupokelea, na kadi huchagua foleni kwa kukokotoa thamani kutokana na anwani na poti za pakiti, ili kila muunganisho uende kwenye foleni ileile na mpangilio wake usivurugike. Ikiwa ukatizaji wa foleni zote umeelekezwa kwenye kiini kimoja, kiini hicho kitafikia asilimia 100 huku vingine vikiwa vimelala, na wastani wa seva utaonyesha hali ya utulivu. Kwa kadi zisizo na foleni nyingi, Linux ina utaratibu uitwao RPS, ulioingizwa na Tom Herbert wa Google katika kerneli 2.6.35 ya mwaka 2010, ambao hufanya ugawaji huo kwa programu.

Ushahidi wa hali hii unapatikana kwenye faili la /proc/net/softnet_stat, ambalo halina vichwa vya safu na limeandikwa kwa tarakimu za msingi wa 16, jambo linalowafanya wengi walikwepe. Kila mstari ni kiini kimoja. Safu ya kwanza ni idadi ya pakiti zilizoshughulikiwa, ya pili ni zilizotupwa kwa sababu foleni ya kusubiri ilijaa, na ya tatu ni mara ambazo kiini kililazimika kuacha kazi kabla haijaisha kwa sababu kilimaliza mgao wake, ambao kwa kawaida ni pakiti 300 au milisekunde chache, lolote litakalotangulia. Mstari mmoja ukiwa na tarakimu kubwa na mingine ikiwa karibu na sifuri, ugawaji una kasoro. Safu ya tatu ikipanda peke yake haimaanishi kwamba pakiti imetupwa. Inamaanisha tu kwamba kazi iliahirishwa, na ni vyema tofauti hiyo izingatiwe kabla ya mgao kuongezwa.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unashughulikia uwezo wa kumaliza kazi badala ya mahali pa kuirundika. Udhaifu wake ni kwamba ugawaji hausaidii pale trafiki nzito inapokuwa ya muunganisho mmoja, kama handaki la mtandao binafsi pepe kati ya ofisi mbili: kwa kuwa anwani na poti hazibadiliki, pakiti zote zitaangukia foleni moja hata kadi ikiwa na foleni 64. Ugawaji kwa programu nao huongeza kazi ya kupelekeana pakiti kati ya viini, na kwenye seva zenye vichakataji viwili tofauti, kiini kilicho mbali na kadi hulipa gharama ya ziada kila kinapoisoma kumbukumbu ya upande wa pili. Kuongeza mgao wa ukatizaji laini, kwa upande wake, huipendelea kadi dhidi ya programu, hata pakiti zikapokelewa kwa wingi na kutupwa hatua inayofuata kwa sababu programu haikupata muda wa kuzichukua.

Msimamo wa tatu: upotevu ni ishara

Wanaosema pakiti iachwe itupwe hawasemi kwa uvivu. Wana historia upande wao. Mnamo Oktoba 1986, kasi ya mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, vilivyo umbali wa mita zisizofika 400, iliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde. Kompyuta zilikuwa zikituma upya kila kilichopotea, na kutuma huko kukaongeza msongamano uleule uliosababisha upotevu. Mwaka 1988 Van Jacobson alichapisha taratibu zilizoifanya TCP, itifaki inayotuma upya data iliyopotea, ichukulie upotevu wa pakiti kuwa taarifa ya msongamano na kupunguza kasi yenyewe, na intaneti ya leo imesimama juu ya uamuzi huo.

Kutokana na msingi huo, pakiti inayotupwa kwa wakati ni ujumbe kwa mtumaji kwamba apunguze. Bafa kubwa mno huuchelewesha ujumbe huo: mtumaji huendelea kuongeza kasi, foleni hurefuka, na mazungumzo ya sauti yanayopita njia hiyo hiyo huharibika ingawa hakuna kilichotupwa. Jim Gettys aliishughulikia sana hali hii kuanzia 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, utaratibu unaotupa pakiti kwa kuangalia muda zilizokaa kwenye foleni, ukilenga kusubiri kusikozidi milisekunde 5, badala ya kuangalia urefu wa foleni. Linux iliupokea mwaka huo huo katika kerneli 3.5, pamoja na toleo lake lililopanuliwa liitwalo fq_codel. Msimamizi anayeendesha tc -s qdisc na kuona fq_codel imetupa pakiti chache anauona utaratibu ukifanya kazi yake, na kuuondoa ili tarakimu irudi sifuri ni kujidhuru.

Hata hivyo, msimamo huu hukosea unapogeuzwa kuwa kisingizio. Kwanza, si kila upotevu ni msongamano: kebo iliyopinda, kiunganishi chenye vumbi cha nyuzi za mwanga na kanuni ya uchujaji iliyoandikwa vibaya hutupa pakiti bila msongamano wowote, na TCP hupunguza kasi pasipo sababu. Pili, madhara ya upotevu hutegemea umbali. Kanuni iliyochapishwa na Matthew Mathis na wenzake mwaka 1997 inaonyesha kwamba kasi ya juu ya muunganisho wa TCP wa aina ya zamani hulingana kinyume na muda wa kwenda na kurudi, na kinyume na kipeuo cha pili cha kiwango cha upotevu. Upotevu wa asilimia 1 kati ya seva mbili zilizo chumba kimoja, zenye muda wa milisekunde 1, bado unaruhusu zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde. Upotevu huohuo kwenye njia ya milisekunde 150, kama ile ya mtumiaji aliyeko Dar es Salaam au Kampala anayeifikia seva iliyoko Ulaya, huiacha kasi ikiwa chini ya megabiti 1. Kwa hiyo kauli kwamba asilimia 1 si kitu, inayoandikwa na mtu ambaye seva na watumiaji wake wako jiji moja, haiwezi kuchukuliwa kuwa kweli kwa watumiaji wa Afrika Mashariki ambao sehemu kubwa ya huduma zao huvuka bahari. Taratibu mpya kama BBR, iliyotolewa na Google mwaka 2016, hazipunguzi kasi kwa kila upotevu, na hupunguza ukali wa tatizo hili, ila haziirekebishi kebo iliyoharibika.

Zinazotupwa juu ya kadi na nje ya seva

Misimamo mitatu iliyotangulia inagombania kadi na foleni zake, wakati sehemu kubwa ya pakiti zinazowaumiza watumiaji hutupwa juu zaidi. Netfilter hukumbuka kila muunganisho kwenye jedwali lenye kikomo, na likijaa, kerneli huandika kwenye kumbukumbu zake za matukio kwamba nf_conntrack imejaa na inatupa pakiti. Muunganisho wa TCP uliokwisha kuanzishwa kwa kawaida hukaa kwenye jedwali hilo hadi sekunde 432,000, yaani siku 5, hata kama pande zote mbili zimekwishatoweka bila kuagana. Kuongeza kikomo ni suluhisho la haraka; kupunguza muda huo, au kuacha kabisa kukumbuka trafiki isiyohitaji kukumbukwa, mara nyingi ni suluhisho bora.

Kwa UDP, itifaki inayotumiwa na majina ya mtandao na sauti, programu isipochukua data kwa haraka bafa ya soketi hujaa na kihesabu cha RcvbufErrors hupanda. Kwa TCP, foleni ya miunganisho inayosubiri kupokelewa na programu ilikuwa na kikomo cha kawaida cha 128 hadi kerneli 5.4 ya mwaka 2019 ilipokipandisha kuwa 4,096. Foleni hiyo ikijaa, mteja haoni kosa. Huona ucheleweshaji wa sekunde 1, kisha 3, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyorudia kujaribu, na kihesabu cha ListenOverflows ndicho kinachosema ukweli. Seva zenye kadi mbili, ambapo pakiti huingia kwa moja na jibu hutokea kwa nyingine, hukumbwa na ukaguzi wa njia ya kurudi unaoitwa rp_filter, unaotupa pakiti kimya kimya.

Nje ya seva, kihesabu cha rx_crc_errors kinachopanda kinaelekeza kwenye kebo, kiunganishi au poti ya swichi, na hakuna mpangilio wa kerneli utakaokisaidia. Katika mawingu ya kukodi, kikomo kinaweza kuwa cha mkataba: draiva ya ENA ya Amazon, kwa mfano, ina kihesabu cha pps_allowance_exceeded kinachoonyesha kwamba seva imezidisha idadi ya pakiti inayoruhusiwa kwa ukubwa wake. Zana ya mtr, inayoonyesha upotevu kwa kila ruta njiani, nayo husomwa vibaya, kwa sababu ruta nyingi hupunguza kwa makusudi majibu zinayotoa zenyewe huku zikipitisha trafiki ya wengine bila shida; upotevu unaoonekana kwenye ruta ya katikati lakini usioendelea hadi mwisho wa njia si upotevu.

Mizani

Ukipimwa kila msimamo kwa ushahidi unaouhitaji, unaonekana kuwa jibu la swali lake na si la mengine. Upanuzi wa bafa ni sahihi kwa mafungu mafupi kwenye kadi ambayo kichakataji chake kina nafasi. Ugawaji wa kazi ni sahihi pale kiini kimoja kimelemewa na miunganisho ni mingi. Uvumilivu ni sahihi pale pakiti inapotupwa na utaratibu uliowekwa kwa kusudi hilo, au pale kinachohesabiwa si mali ya mtu. Kati ya mitatu, huu wa mwisho ndio unaodharauliwa kuliko unavyostahili, na ule wa kwanza ndio unaotumiwa kuliko unavyostahili, kwa sababu kuongeza tarakimu kwenye faili ni rahisi kuliko kutafuta chanzo, na kwa sababu mara nyingi malalamiko hutulia kwa siku chache.

Kwa hiyo upimaji wa madhara unapaswa kutangulia. Amri ya nstat huonyesha idadi ya vipande vya TCP vilivyotumwa upya, na kama idadi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na vyote vilivyotumwa, huku programu za UDP zikiwa hazina malalamiko, tarakimu ya dropped inaweza kusubiri. Ndani ya kerneli, vihesabu hivi kwa kawaida hujumlisha tangu seva ilipowashwa, hivyo kinachofaa kusomwa ni tofauti kati ya vipimo viwili vilivyochukuliwa wakati tatizo linatokea, na si jumla ya miezi sita.

Madhara yakithibitika, ndipo mahali patafutwe kuanzia kwenye kadi kwenda juu, na hapo Linux ya sasa ina msaada ambao haukuwapo zamani. Tangu mwaka 2009 kerneli ina alama ya ufuatiliaji iitwayo kfree_skb, inayoguswa kila pakiti inapotupwa ndani yake, na zana kama dropwatch na perf huweza kuisikiliza na kutaja kitendaji kilichohusika. Kuanzia kerneli 5.17 ya mwaka 2022 alama hiyo hutoa pia sababu kwa jina, na matoleo yaliyofuata yameendelea kuirefusha orodha ya sababu, kuanzia kukosekana kwa soketi hadi kukataliwa na netfilter au kujaa kwa bafa ya soketi. Ufuatiliaji huu una mpaka wake: hauoni fremu ambazo kadi ilizitupa kabla ya kuzikabidhi, na kwenye seva inayotupa mamilioni ya pakiti kwa sekunde unaongeza mzigo juu ya mzigo, kwa hiyo huendeshwa kwa sekunde chache tu na kuzimwa. Kwenye kerneli za kabla ya 5.17, jina la kitendaji ndilo pekee litakalopatikana, na msimamizi atalazimika kulisoma sambamba na msimbo wa toleo lilelile linaloendeshwa na seva yake.